Tupeane uzoefu: Shida yako ya mtaani uliipeleka mlango upi hapa Moshi, na ilikwishaje?

MWANZISHA MADA, MAJENGO

Habari za wakati huu, wanajamvi. Nimerejea Moshi baada ya kuishi Dar es Salaam kwa miaka kumi na tisa, na kilichonikumbusha kwamba nimekuwa mgeni katika mji niliozaliwa ni mtaro. Masika yalipoanza, maji yalifika hadi kizingiti cha nyumba ya marehemu baba, nami nikaenda moja kwa moja Manispaa nikiwa nimenyoosha shati kama mtu aendaye kusikiliza hukumu. Dada wa mapokezi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: je, mtaro ni mdogo au umeziba? Sikujua. Akanieleza kwa upole kwamba barabara za mitaani pamoja na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na barabara kuu itokayo Arusha kwenda Himo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, lakini taka zinazotupwa ndani ya mtaro ni suala la usafi, ambalo ni la Manispaa na huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikaingia mtaroni na reki. Nilikuta mifuko, chupa na godoro la kitanda cha mtoto, vyote vya majirani na, nikisema kweli, vingine vya nyumbani kwetu.

Manispaa yetu ina kata 21 na, kwa sensa ya 2022, watu 221,733, kwa hiyo si mji wa kumpoteza mtu. Hata hivyo, nimegundua kwamba wengi wetu hatujui shida ipi ni ya nani. Naomba mwenye kisa akieleze: shida ilikuwa nini, ulianzia wapi, na ilikwishaje. Siasa za vyama tuziache kwenye nyuzi nyingine.

MKAZI WA PASUA

Kisa changu kinahusu barua ya utambulisho, ambayo binti yangu aliihitaji ili aombe kitambulisho cha taifa. Nilianza kwa balozi wa nyumba kumi, kama alivyofanya mama yangu maisha yake yote, naye akaniandikia kikaratasi cha kwenda nacho ofisi ya mtaa. Huko (mtaa siutaji, na si lazima uwe wa kwetu) niliambiwa nitoe shilingi elfu tano za karatasi. Niliuliza kama nitapewa namba ya malipo, kwa kuwa ninavyofahamu fedha za halmashauri hulipwa kwa namba ya malipo au kwa mashine inayotoa risiti palepale. Mtendaji alitazama dirishani kwa muda, kisha akagonga muhuri bila kusema neno. Sikutoa hata senti. Nakiri lakini kwamba mara mbili kabla ya siku hiyo nililipa bila kuuliza, na mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alilipa dakika chache baadaye, ilhali alinisikia.

MTENDAJI MSTAAFU

Ndugu wa Pasua, umenigusa penyewe, kwa sababu nilikuwa mtendaji wa mtaa, kisha wa kata, hadi nilipostaafu. Nianze na huyo balozi. Balozi ni kiongozi wa chama, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 hana nafasi katika muundo wa serikali za mitaa. Watu wanaendelea kumwendea kwa sababu ndiye anayejua nani amehamia nyumba ipi, na mimi mwenyewe nilimtegemea sana. Ila asikwambie mtu kwamba bila kikaratasi chake huna haki ya kuhudumiwa.

Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024, wakati mtendaji ni mwajiriwa. Diwani huchaguliwa katika uchaguzi mkuu, siku moja na mbunge, naye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wajumbe wake ni pamoja na wenyeviti wote wa mitaa ya kata hiyo, na katibu wake ni mtendaji wa kata. Madiwani wote, pamoja na wale wanawake wa viti maalumu, hukaa katika Baraza la Madiwani na kumchagua meya kutoka miongoni mwao. Mkurugenzi hachaguliwi, huteuliwa na Rais, na ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na katibu wa baraza. Hapo ndipo wananchi wengi hupotea. Humfuata meya wakidhani kwamba ana funguo za hazina, kumbe kazi ya meya ni kuongoza vikao, na shughuli za kila siku ziko kwa Mkurugenzi na wakuu wa idara zake.

Jambo la mwisho, ambalo halisemwi mara nyingi, ni kwamba mtaa hauna mfuko wake. Kijiji kilichoandikishwa kina halmashauri yenye hadhi kamili ya kisheria, inayoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini ni ngazi tu ndani ya Manispaa. Zamani zile wino wa muhuri nilikuwa nikinunua mwenyewe, na karatasi vilevile. Siihalalishi hiyo elfu tano hata kidogo. Nasema tu ilikozaliwa.

MPANGAJI, SOWETO

Changu ni kifupi. Mwaka 2021 niliona umeme wangu unakatwa shilingi elfu moja kila mwezi, nikaenda kulalamika ofisi ya mtaa. Nikaelezwa kwamba ni kodi ya jengo, ambayo wakati huo ilikuwa ikikusanywa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kuingia Serikali Kuu, kwa hiyo wao hawakuwa na la kufanya. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, basi nikamwonyesha mzee mwenye nyumba jumbe za manunuzi ya mwaka mzima, akazikagua moja moja kwa miwani yake, na tukakubaliana nipunguze kiasi hicho kwenye pango.

MKAZI WA URU, MFANYAKAZI WA MJINI

Mimi nilipoteza wiki mbili kwa kosa langu mwenyewe. Nilitaka kujenga kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, tulichorithi Uru, nikachukua ramani ya nyumba na kuipeleka Manispaa, kwa sababu kwangu mimi Moshi ilikuwa ni Moshi. Afisa aliniuliza kiwanja kiko kata gani, akacheka, akaniambia nimebeba mzigo wa watu wengine. Wilaya ya Moshi ina mkuu wa wilaya mmoja lakini halmashauri mbili: Manispaa kwa upande wa mji, na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi inayotuhudumia sisi wa Uru, Kibosho, Old Moshi na kwingineko. Kwetu hakuna mtaa wala mwenyekiti wake; kuna kitongoji, kijiji na mtendaji wa kijiji, na huko ndiko nilikopaswa kuanzia. Wenye vihamba mpakani, hasa mnaopakana na Rau na Longuo, hakikisheni kwanza mko upande gani.

MAMA WA NDIZI, MBUYUNI

Shikamoo mzee mtendaji, na wengine hamjambo. Nitaandika kirefu kwa sababu wanawake wengi huniuliza kuhusu mikopo ya asilimia kumi, na majibu ninayoyasikia sokoni mengi si sahihi.

Sheria, tangu iliporekebishwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Sisi tulikuwa wanawake saba wa ndizi na mboga. Mwaka 2022 tuliandika katiba ya kikundi, tukasajiliwa na kufungua akaunti, na maombi yetu yalikuwa bado yanashughulikiwa Serikali iliposimamisha mikopo hiyo nchi nzima, Aprili 2023, ili utaratibu wake upangwe upya. Kikundi kikalegea. Wawili waliondoka, mmoja akarudi Rombo kulea wajukuu, mwingine akachoka tu.

Mikopo iliporejeshwa mwaka 2024 tulianza upya tukiwa watano. Kilichotushinda mwanzoni ni andiko la mradi. Tuliandika «biashara ya ndizi» na kiasi tunachotaka, tukadhani tumemaliza. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alitukalisha chini na kutuuliza: mikungu mingapi kwa wiki, mshare ni mingapi na ndizi ng'ombe ni mingapi, gari la kutoka Marangu ni kiasi gani, na ndizi zikiiva kabla hazijauzwa mnafanyaje? Mimi nimeuza ndizi miaka kumi na minne na sikuwa nimewahi kupiga hesabu ya zinazooza. Tulipoipiga, mwenzetu mmoja alitokwa machozi pale pale kwenye benchi. Kisha afisa alikuja mwenyewe sokoni alfajiri kutuona kama kweli tupo, kwa maana vikundi vya kwenye karatasi si habari mpya.

Tulipata, ingawa pungufu ya tulichoomba, na tunarejesha kila mwezi. Mwezi wa tatu mwenzetu aliuguliwa na mume, tukamchangia rejesho lake, kwa sababu deni ni la kikundi. Wanaosema kwamba ni fedha za Serikali za bure wanawaponza wenzao. Nilipoelewa kwamba asilimia hizo zinatokana na ushuru na ada kama hizi tunazolipa sokoni, niliacha kumkwepa mkusanya ushuru, na nikaanza kumdai risiti kila siku, hata akinuna.

MKAZI WA NJORO

Niongeze la mipaka ya viwanja, kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Jirani alijenga ukuta ukameza mwembe wetu, nami nikaenda Baraza la Kata nikitarajia hukumu. Tangu mwaka 2021 baraza hilo haliamui tena migogoro ya ardhi. Linasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku thelathini unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwanzoni niliona wamenyang'anywa meno. Lakini kwa kuwa hapakuwa na mshindi wa kutangazwa, jirani alikubali kuja, na tukapatana kabla siku hazijaisha. Ukuta umebaki, ila una tundu pale penye shina.

MWANZISHA MADA, MAJENGO

Nawashukuru nyote. Mrejesho wangu ni kwamba nilimwona mwenyekiti wa mtaa, akaitisha kikao, tukagawana mtaro kila nyumba kipande chake, na mvua ya Jumanne iliyopita maji yalipita bila kutugusa. Limebaki godoro. Liko getini kwangu kwa sababu wabeba taka wanasema si taka za kawaida. Mzee mtendaji, shikamoo. Hili nalo nilipeleke wapi?

MTENDAJI MSTAAFU

Marahaba, mwanangu. Mwambie mwenyekiti wako aliandikishe kwa afisa afya wa kata kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya usafi. Kwa sasa lifunge kamba kwenye nguzo, mvua isije ikalirudisha mtaroni.