Studio ya gemu ikishanunuliwa na kampuni kubwa, inakuzwa au inauliwa?

Wa Mkunazini: Nina kibanda cha gemu, pedi nne, moja nimeifunga mpira wa baiskeli. Jana vijana nusura wapigane kwa suala hili. Mnasemaje?

Mtu wa Wete: Inakuzwa. Sony iliinunua studio ya Naughty Dog 2001, tukapata gemu za Uncharted. Ilipewa muda tu.

Bi Pedi: Muda gani? Tango, studio ya Microsoft, ilitoa gemu ya Hi-Fi Rush 2023, ikasifiwa kila pembe. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga! Krafton ya Korea ndiyo iliyoiokota.

Wa Mkunazini: Na studio ya Rare jamani, Microsoft iliinunua dola milioni 375 mwaka 2002, kisha miaka tele ikatengenezeshwa michezo ya Kinect, ile kamera ya kuchezea kwa mwili bila pedi. Ila Sea of Thieves, gemu yao ya maharamia, siiachi mie. Tanga likijaa upepo, utasema jahazi linatoka Malindi.