Tupeane uzoefu: kompyuta ya mezani inayosahau tarehe na saa

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tukusanye hapa visa vya kompyuta za mezani zinazopoteza tarehe na saa kila zikizimwa. Mimi ni fundi, na mashine za aina hii huwa naletewa zikiwa zimeshapigwa Windows upya na tatizo liko palepale. Inaniuma, maana mtu anapoteza mafaili yake kwa ajili ya kibetri kinachotunza saa kwenye ubao mama, ile bodi kuu ya kompyuta. Ukichangia, tafadhali eleza saa yako ilikosea vipi: ilirudi mwaka wa zamani kabisa, au inapishana kwa saa kamili? Ugonjwa unajulikana hapo.

Naanza mimi. Mteja alikuja akilalamikia intaneti, kila tovuti inamwambia muunganisho si salama, na alikuwa ameshabadilisha hadi modemu. Nikatupa jicho pembeni chini ya skrini: 1 Januari 2009. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta ikiamini tuko 2009, kila cheti inakiona bado hakijaanza kutumika. Nikafungua kasha, nikaipima betri ya CR2032, ile ya duara ya milimita 20. Multimita ikasoma volti 2.1, wakati mpya inatoa 3 na ushee. Nikaweka nyingine, nikaingia BIOS (ile programu ya mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla ya Windows) kurekebisha tarehe, mambo yakaisha.

—

Mkuu, yangu ilinichanganya kwa sababu ilikuwa inasahau Jumatatu tu. Katikati ya wiki saa iko sawa kabisa. Kumbe Ijumaa jioni kuna mtu anazima swichi ya ukutani. Plagi ikiwa na umeme, pawasaplai inaendelea kupeleka volti 5 za akiba kwenye ubao mama hata kompyuta ikiwa imezimwa, na saa inaishi kwa hizo. Betri inabeba mzigo pale umeme unapokatwa kabisa. Ndiyo maana mtu anayechomoa plagi kila siku betri yake huwahi kufa kuliko ya jirani yake. Ukitaka kuhakikisha, weka saa sawa, zima, chomoa plagi usiku kucha, asubuhi uangalie.

—

Kabla hujaichomoa hiyo betri, ingia BIOS upige picha kila ukurasa kwa simu. Nasisitiza hili. Shemeji yangu alibadilishiwa betri, mashine ikawaka na skrini ya bluu imeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, akaambiwa diski imekufa. Diski ilikuwa nzima! BIOS ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na diski iliyokuwa ikisomwa kwa mtindo wa RAID ikawa inasomwa kwa AHCI, njia nyingine ya ubao mama kuwasiliana na diski. Tulirudisha kipengele hicho kimoja, Windows ikafunguka na kila kitu chake ndani. Kama unatumia BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga diski, uwe na ufunguo wake wa dharura mkononi, maana inaweza kuudai ukiwasha.

Na betri kuukuu msiiache mezani penye watoto. Ikikwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2 tu, hata ikiwa imeshashindwa kuendesha saa.

—

Kwangu betri haikuhusika kabisa. Nina Windows na Linux kwenye mashine moja, na nikitoka Linux kwenda Windows saa inapishana, tofauti ni ileile kila mara. Linux huandika saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, kwenye ubao mama, Windows huisoma ikidhani ni saa ya hapa ulipo. Niliandika timedatectl set-local-rtc 1 upande wa Linux, zikaelewana. Ukiona dakika ziko sahihi ila saa ndiyo imeruka, usifungue kasha kwanza. Kagua hilo na ukanda wa saa uliochaguliwa.

—

Wadau, mimi nimeweka betri mpya na bado inasahau. Nifanyeje?

—

Mkuu, anza na betri yenyewe, ipime, kwa sababu zinazokaa muda mrefu dukani huuzwa kama mpya. Upande wenye alama ya kujumlisha huwa unatazama juu kwenye vishikio vingi. Halafu angalia kile kiulimi cha chuma chini ya betri: kikilala hakigusi. Chomoa umeme kwanza, kisha kiinue taratibu kwa bisibisi ndogo. Kitu kingine ni jampa (kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini) ya kufuta CMOS, yaani kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, iko karibu na betri kwenye bodi nyingi. Ikiachwa kwenye pini za kufutia, hata ubadilishe betri ngapi haitashika.

Ukishamaliza, weka tarehe kwa mkono kwanza ndipo ubonyeze kusawazisha na intaneti. Windows ya nyumbani, kwa mipangilio yake ya kawaida, hairekebishi yenyewe saa iliyokosea kwa zaidi ya saa 15, kwa hiyo iliyorudi miaka ya nyuma itabaki hukohuko. Tuletee volti ulizopata.