Neno la herufi 45 kwenye kikundi cha ukoo

Mjomba Rajabu: Asalaam alaykum jamani. Nimetumiwa hili. Atakayelisoma bila kupumua katikati nampa vocha:
pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis

Bakari: Mjomba hiyo si nywila ya wifi ya ofisini kwako? 😂

Shangazi Mwanaisha: Waalaykum salaam. Rajabu, saa nne asubuhi watu wako kazini, wewe unagawa vitendawili.

Zuhura: Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Huo ni ugonjwa wa mapafu, mtu anaupata kwa kuvuta vumbi laini mno la silika (madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga), lile la volkano. Herufi 45. Lakini daktari hawezi kukuandikia hivyo kwenye cheti, atasema silikosisi yaishe.

Mjomba Rajabu: Marahaba mwanangu. Kwa hiyo kamusi inalo?

Zuhura: Inalo, Oxford wameliweka. Ila lilitungwa makusudi. Mwaka 1935 Everett Smith, mkuu wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno Marekani, alilitoa kwenye mkutano wao New York ili tu liwe refu kuliko mengine yote. Gazeti likalichapa, baadaye kamusi nazo zikafuata.

Bakari: Mtu mzima anakaa chini anajitungia ugonjwa

Zuhura: Ugonjwa upo kweli, wachonga mawe na wachimba migodi wanaumwa. Cha kutunga ni jina.

Shangazi Mwanaisha: Sisi shuleni lilikuwa antidisestablishmentarianism. Ukichelewa namba unaliandika mara ishirini. Maana yake hatukuambiwa mpaka tukamaliza.

Zuhura: 😂 Pole Shangazi. Hilo herufi 28. Karne ya 19 Uingereza walikuwa wanabishana kama serikali iendelee kulibeba Kanisa la Anglikana kama kanisa rasmi la nchi au iliachie. Waliotaka lisiachiwe ndio wenye hilo jina. Ireland liliachiwa 1871, Wales 1920, England mpaka leo mfalme ndiye mkuu wake.

Shangazi Mwanaisha: Kumbe siasa. Miaka yote nilidhani ni dawa ya minyoo.

Mjomba Rajabu: Na hili je? floccinaucinihilipilification

Zuhura: Herufi 29. Kukiona kitu hakina thamani hata chembe. Wamechukua maneno manne ya Kilatini, yote yakimaanisha kitu duni, wakayaunganisha kama mabehewa. Mshairi mmoja, William Shenstone, alikwisha kulitumia kwenye barua mwaka 1741, kwa hiyo si la juzi.

Bakari: Ndicho Shangazi anachoifanyia pilau ya Mama Mdogo kila Idi

Shangazi Mwanaisha: Bakari nitakufuata huko huko kwa bibi yako.

Mama Mdogo: Nimeona. Nipo.

Bakari: 🏃🏾

Mjomba Rajabu: Sasa sikilizeni. Jumamosi Scrabble kwa Bibi, ule mchezo wa kupanga herufi ubaoni ziwe maneno, hayo yote nayatandaza. Zuhura jiandae kulia.

Zuhura: Utayatandaza wapi Mjomba? Ubao una nafasi 15 kwenda na 15 kushuka. Neno la 45 labda uendelee nalo mpaka kwenye kochi. Na mkononi unashika herufi saba tu.

Mjomba Rajabu: Basi refu linaloingia ni lipi?

Zuhura: Hapo ndipo patamu. Kuna uncopyrightable, kitu kisichoweza kuwekewa hakimiliki. Herufi 15 kamili na hakuna hata moja inayojirudia. Hesabu mwenyewe.

Mjomba Rajabu: Ngoja

Mjomba Rajabu: Kweli bwana!

Bakari: Lakini si umesema mkononi ni saba?

Zuhura: Linajengwa kidogo kidogo. Mtu anaanza na right katikati ya ubao, nafasi ya 7 mpaka ya 11. Kila herufi ina pointi zake, na nafasi ya katikati inazidisha neno mara mbili, anapata 18. Mwingine anatanguliza copy mbele yake, inakuwa copyright, anapata 21. Halafu wewe uliyejikalia kimya unaweka UN mwanzoni na ABLE mwishoni. Herufi sita tu! Lakini neno sasa limegusa kingo zote mbili, na kila ukingo pale ni mara tatu.

Bakari: Tatu mara tatu = 9??

Zuhura: Ndiyo. Herufi zenyewe zina 28, A imeangukia penye kuongezwa maradufu inakuwa 29, mara 9. Pointi 261.

Mama Mdogo: Mia mbili sitini na moja kwa neno moja 😳

Zuhura: Na hapo hujapata zile 50 za ziada, maana hizo ni mpaka umalize zote saba mkononi. Ila msijidanganye. Adui hawezi kukaa anakutazama tu ukilea copyright mpaka ikue, ataziba mwishoni kwa S au chochote.

Mjomba Rajabu: Sasa faida yake nini?

Zuhura: Kufurahisha tu. Mimi ninashinda kwa qi. Ni nguvu ya uhai kwa imani ya Wachina. Q ina pointi 10. Ukiiweka penye herufi mara tatu, ikasomeka qi kulala na qi kushuka, una 62 mkononi. Herufi mbili!

Mjomba Rajabu: Huo ni uhuni si Kiingereza.

Zuhura: Waambie Wanaijeria Mjomba. Wellington Jighere alichukua ubingwa wa dunia 2015 kule Perth, Mwafrika wa kwanza. Wenzake walikuwa na mtindo wa kuacha neno refu hata wakiliona, wanaweka la herufi nne au tano, wanabaki na herufi nzuri mkononi na kumbania mpinzani nafasi. Na mwaka huo huo Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa chenyewe hakiongei. Alikariri maneno bila maana zake.

Shangazi Mwanaisha: Kama sisi na lile la kuchelewa namba.

Bakari: Niko kwa Bibi, nimemsomea yote. Anauliza kwa nini mnahangaika na la watu, yeye analo la kwake: nitakapokusikia

Bakari: NIMEHESABU NI 15 😭😭😭

Mama Mdogo: Bibi!! ❤️

Zuhura: Subirini. Lina K tatu. Seti ya Kiingereza ina K moja tu.

Bakari: Bibi anauliza vile vipande viwili visivyo na chochote ni vya nini

Zuhura: Vinasimama badala ya herufi yoyote. Moja na mbili... ni tatu. Haya, zinatosha. Lakini si Kiingereza Bibi.

Bakari: Anasema meza ni ya nani, na chai mtakunywa kwa nani

Mjomba Rajabu: Mama ameshinda kabla ya mchezo.

Zuhura: Bado. Hata mtu akimwekea kusikia ubaoni, nitakapo ni herufi nane. Mkononi saba.

Bakari: Anasema hiyo moja inayozidi nitamwekea mimi mapema, nipitishe neno langu hapo

Mjomba Rajabu: Upangaji wa matokeo huo!