Nimeishi Arusha miaka mitatu na Kiswahili ninakijua, mbona bado ni mgeni kwa majirani zangu?

Mama wa Sakina (swali)

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nakuru, na huu ni mwaka wa tatu tangu nihamie Arusha na familia yangu kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Tunaishi Sakina na tunatarajia kukaa sana, kwani mkataba wake umeongezwa na watoto wamekwisha kuzoea shule. Kabla ya kuja nilijiambia kwamba nisingepata taabu yoyote: Namanga ni kilomita mia moja na kidogo kutoka mjini, chakula hakitofautiani sana na chetu, na lugha ni ile ile. Katika hilo la lugha ndipo nilipokosea zaidi.

Wiki ya kwanza nilikwenda gengeni nikasema, "Nipe nyanya za elfu moja na dhania." Mama muuzaji akaniwekea nyanya bila kusema neno, kisha akaniuliza dhania ni nini. Nilipomwonyesha kwa kidole akasema, "Ahaa, giligilani." Kwa miezi mingi nilidhani kwamba ubaridi wake ulitokana na neno lile, mpaka binti anayenisaidia kazi za nyumbani aliponieleza siku moja, kwa aibu, kwamba mtaani husemwa kuwa mama wa nyumba ile ana amri. Mimi sikuwa ninamwamrisha mtu. Kwetu ndivyo tunavyonunua: unataja unachotaka, unalipa, unakwenda zako.

Lakini lililonifanya niandike ni zito kuliko hilo. Miezi minne iliyopita jirani ambaye tunachangia naye ukuta alifiwa na mama yake mzazi. Siku ile ile nilimtumia rambirambi kwa simu, kiasi ambacho kwetu ni cha heshima, pamoja na ujumbe wa pole. Sikwenda nyumbani kwake, kwa kuwa niliona si vizuri kumsumbua mtu aliyemo katika majonzi. Mwili ulisafirishwa kwenda Rombo, wakazika, wakarudi. Tangu hapo jirani ananisalimu vizuri tu, ila hanigongei mlango tena, na watoto wake hawaji kucheza kwetu kama zamani. Je, jambo hili linarekebishika? Na mtu aliyekuja kuishi, si kutembea, ajifunze nini?

Mzaliwa wa Kibosho

Pole, dada yangu. Mimi nimezaliwa Kibosho na nimeolewa hapa Arusha, na ninakuhakikishia kwamba rambirambi yako ilifika na jina lako limo katika daftari. Huku mtu akifiwa, turubai hufungwa uani, viti hukusanywa kutoka nyumba za jirani, na mtu mmoja huketi mezani na daftari akiandika jina na kiasi cha kila anayetoa. Fedha hiyo hununua jeneza, hulipia gari la kupanda mlimani na hulisha waombolezaji. Ina kazi yake na watu wanaithamini, lakini haiwezi kuketi na mfiwa usiku.

Kinachomkalisha mfiwa ni watu. Kinamama huwa ndani, juu ya mikeka na magodoro yaliyotandikwa chini baada ya makochi kutolewa nje, na baadhi yao hulala pale pale mpaka siku ya safari. Wengine wako nyuma ya nyumba wanamenya ndizi, wanachambua mchele na kuchochea kuni. Hakuna anayetarajia kwamba utasema maneno mazuri. Unaingia, unamshika mkono, unasema pole, unatafuta nafasi unaketi. Ukichukua kisu ukamenya ndizi kwa nusu saa, hata kama unazimenya vibaya, umeonekana.

Kuhusu Rombo, ni vyema ujue sababu. Mchaga huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa, hata kama aliishi Arusha au Dar es Salaam maisha yake yote. Jirani anayepanda gari kwenda huko huwa amefika kwao, ameona kaburi la bibi yao, na hasahauliki kirahisi. Hukulazimika kufika huko, na sidhani kama yeyote alikutegemea. Ila asubuhi ile gari lilipokuwa likiondoka, nyumba yako ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutazamwa, na geti lilikuwa limefungwa. Ninasema hivi kwa uchungu kwa sababu nina hakika hukukusudia ubaya, na nina hakika pia kwamba jirani yako aliumia.

Linarekebishika. Watu huenda kutoa pole hata baada ya mwaka, ama kwa sababu walikuwa safarini ama kwa sababu hawakupata habari. Nenda wewe mwenyewe, usimtume binti.

Mganda wa Njiro

Nilikuja Arusha mwaka 2001 kufanya kazi ya muda katika ile Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015 nilikuwa nimekwisha kuamua kubaki. Ningependa kuongeza jambo ambalo pengine mwenyeji hawezi kuliona, kwa kuwa yeye hakulipitia.

Nilipofika, Kiswahili changu kilikuwa kibovu kabisa, na ubovu ule ulinisaidia. Nilipokosea, watu walinicheka kwa upendo, wakanisahihisha, wakanifundisha kusema "naomba" kabla ya kila kitu, kuanzia chai hadi chenji ya daladala. Dada yetu wa Sakina amefika na Kiswahili fasaha, na kwa hiyo kila neno lake linachukuliwa kuwa ndilo alilolikusudia. Mzungu akisema "nipe maji" huonekana kwamba bado anajifunza. Mkenya akisema hivyo hivyo huonekana kwamba anadharau. Hakuna anayefikiri kumfundisha mtu ambaye tayari anazungumza vizuri, na hapo ndipo wageni wa Afrika Mashariki tunapoachwa peke yetu. Ningekushauri umwambie yule mama wa gengeni waziwazi: "Mama, kwetu tunasema hivi, nyinyi mnasemaje?" Mimi nilimwuliza hivyo fundi wangu wa viatu, na yeye ndiye aliyenifundisha zaidi ya nusu ya lugha ninayoitumia leo.

Jambo la pili ni la vitendo. Je, mjumbe wenu wa nyumba kumi anakufahamu? Na mwenyekiti wa mtaa? Wafanyakazi wengi kutoka nje huishi hapa kwa vibali vilivyoshughulikiwa na mwajiri, na kwa hiyo hawana sababu ya kukanyaga ofisi ya serikali ya mtaa mpaka siku wanapohitaji barua ya utambulisho. Mimi nilikwenda kujitambulisha kabla sijahitaji chochote, nikatoa mchango wa ulinzi, nikahudhuria mkutano mmoja wa mtaa uliozungumzia mtaro wa maji machafu kwa saa mbili nzima. Tangu siku hiyo, msiba au harusi ikitokea, kuna mtu anayekumbuka kunipigia.

Sikubaliani na wale watakaokuambia uache dhania na matatu ili usijulikane umetoka wapi. Lafudhi yako ni ya kwenu, iache ilivyo.

Mwalimu mstaafu, Moshi

Ninakubaliana na ndugu wa Njiro kuhusu lafudhi, lakini ninaongeza tahadhari moja. Kuita makande "githeri" hakumwudhi mtu yeyote, bali kuanza na shida yako kabla ya salamu kunaudhi. "Nipe" ni Kiswahili sanifu na hata sisi tunalitumia, lakini hulitumia mtu ambaye amekwisha kusalimu, ameuliza habari za nyumbani na za biashara, na amejibiwa. Salamu hizo huchukua dakika moja, au mbili kama mwenye genge ana mgonjwa.

Wafundishe watoto wako kumwamkia "shikamoo" kila mkubwa, akiwemo mlinzi, mwendesha bajaji na binti anayekusaidia kazi. Nimeona familia za wageni ambazo watoto wake huwaamkia wageni wa baba yao tu, na jambo hilo hutambulika haraka sana mtaani. Wewe nawe uitikie "marahaba" kwa sauti, usitikise kichwa. Binti huyo aliyekueleza ukweli kwa aibu amekufanyia wema mkubwa, na ninatumaini kwamba ulimshukuru.

Mama wa Sakina

Asanteni sana. Nimesoma maneno haya mara tatu, na lile la geti lililofungwa limenitoa machozi, kwa sababu ni kweli nilikuwa ndani na nilisikia gari likinguruma. Binti sikumshukuru, nimemshukuru leo asubuhi. Jumamosi ninataka kwenda kwa jirani. Naomba mniambie niende saa ngapi, nibebe nini, na kama nieleze kwa nini sikwenda.

Mzaliwa wa Kibosho

Nenda saa kumi jioni, kazi za nyumbani zikiwa zimepungua. Vaa kitenge au khanga. Beba sukari kilo mbili, majani ya chai na mche wa sabuni, na umpe akiwa jikoni, si mbele ya watu. Nenda na watoto wako, wamwamkie. Sema, "Dada, nimekuja kukupa pole ambayo sikukupa." Usieleze zaidi ya hapo mpaka akuulize. Akikuletea chai, inywe yote, na akianza kukusimulia habari za mama yake usitazame saa.