Juisi ya karela na maji ya uwatu kwa mwenye kisukari, zinatosha kweli bila vidonge?

Kitindamimba:
Wadau naombeni msaada. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, anameza metformin na glibenclamide, sasa watu wamemjaza maneno eti akinywa juisi ya karela (lile tunda chungu la kijani) asubuhi na maji ya mbegu za uwatu jioni aachane na vidonge kabisa. Ameshaanza kuviruka kimyakimya. Nikiongea mimi ananiona mtoto.

Jani Bichi:
Pole kwa kuuguza mdogo wangu. Uwatu unasaidia kidogo sio uongo, ukiuloweka unatoa ule ute, zile ni nyuzinyuzi, ndo zinachelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Ila haufikii vidonge. Na mwambie hata metformin asili yake ni mmea, unaitwa galega, Ulaya waliutumia zamani ila una sumu, ndo wataalamu wakatengeneza kitu salama zaidi kikaanza kutumika Ufaransa 1957. Asikiogope kidonge eti kemikali.

Dada Nesi:
Mimi naogopa zaidi huo mchanganyiko. Glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hajala, sasa aongezee karela tumbo tupu, sukari ya damu inaweza kwenda chini ya 3.9 mmol/L, utamwona anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea visivyoeleweka. Hapo mpe haraka kijiko kikubwa cha sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Akizimia usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Kitindamimba:
Duh, jasho analitoa kweli asubuhi, nilidhani joto. Na maziwa ya mimea je? Kaambiwa ya oti.

Dada Nesi:
Mpime leo leo akianza kutoka jasho tafadhali, usisubiri. Maziwa, bora ya soya yasiyotiwa sukari. Ya oti yana mtego, kiwandani wanga wake unavunjwavunjwa unageuka sukari, kwahiyo hata boksi likiandikwa haijaongezwa sukari bado imo, geuza usome kiasi cha wanga.

Jani Bichi:
Matunda pia atafune, asikamue, ukikamua nyuzinyuzi unazitupa unabaki na maji ya sukari. Sahani ijae mboga za majani, maharage, dengu. Kama figo zina shida aulize kwanza kliniki, majuisi ya majani yana potasiamu nyingi.

Dada Nesi:
Na huko kliniki aseme vyote, karela, uwatu na vidonge alivyoruka, daktari ndo apange upya dozi. Wewe ingia nae chumbani, maana peke yake atasema anameza vizuri tu.