Mkulima wa mwani: mkopo utamtoa kwenye umaskini?

Mada: Miradi mingi ya kumwinua mwanamke Unguja na Pemba huanzia kwenye mkopo. Tangu mwani uanze kulimwa kibiashara visiwani mwaka 1989, wakulima wengi ni wanawake. Je, mkopo unawafaa?

Mtunza Sanduku, Wete: Unawafaa ukiwa ni fedha zao wenyewe. Kikundi cha kuweka na kukopa kina sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti. Kila kikao mtu anunue hisa moja hadi tano, mkopo usizidi mara tatu ya akiba yake, mwisho wa mwaka mgao. Faida haitoki nje ya kikundi.

Bwana Mwani, Jambiani: Ndugu yangu, sanduku silipingi hata kidogo. Napinga mikopo ya kutoka mjini inayodai rejesho kila wiki. Kamba zinazofungwa mwani hufikiwa vizuri wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana, mara mbili kwa mwezi, na mwani unataka kama wiki sita baharini. Wiki ya maji mafu, bahari isipokupwa sana, mama hana cha kuvuna. Atakopa kwengine alipe, au kwenye bamvua lijalo atang'oa mwani wa wiki tatu. Kilo saba hadi kumi za mbichi hutoa kilo moja tu kavu, kwa hiyo akivuna usiokomaa amekula mtaji wake.

Binti Micheweni: Kaka, rejesho likifuata bamvua bado bei ya mwani ni ile ile. Kuna aina mbili za mwani: kotonii inalipa kuliko spinosamu, lakini kwenye maji mafupi joto likipanda matawi hugeuka meupe, hulainika, hukatika. Inataka kina kirefu: kamba za kuelea, nanga, maboya na chombo cha kuendea baharini. Vyombo vingi ni vya wanaume, na kina mama wengi hawajafundishwa kuogelea. Mradi ukileta maboya bila mafunzo ya kuogelea, na chombo kisiandikwe kwa jina la kikundi, shamba litahamia mikononi mwa wanaume, na ripoti itasema wanawake wamewezeshwa. Jambo hili linaniuma sana.

Mtunza Sanduku, Wete: Na sabuni ya mwani, dada?

Binti Micheweni: Ni nzuri, ila kwa wachache. Kilo ya mafuta ya nazi inataka kama gramu 170 za kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, unga kidogo wa mwani, kisha wiki nne za kukomaa. Kostiki ikizidi inaunguza ngozi na mteja harudi. Unga unaotumika ni mdogo mno, hauwezi kumaliza magunia ya kijiji kizima.

Bwana Mwani, Jambiani: Hapo nakubali. Basi mkopo uanzie kwenye chanja za kuanikia mwani na ghala. Mwani ulioanikwa mchangani hubeba mchanga, ukinyeshewa ubora unashuka, na mnunuzi hupata sababu ya kukata bei. Uliokauka sawasawa unawekeka, kikundi kikauza mzigo mmoja badala ya kila mtu na gunia lake. Rejesho lilipwe siku mzigo unapouzwa. Mkopeshaji asiyekubali sharti hilo kikundi kimkatae.