Je, dhiki yenyewe humkuza Mkristo kiroho?

Swali

Wapendwa katika Bwana, ninamuuguza mama yangu aliyepooza, na karibu kila anayekuja kutujulia hali hutusomea Warumi 5, kwamba dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo huleta tumaini. Ninaliamini Neno hilo, lakini ninachokiona ndani yangu ni kinyume chake. Usiku, nikishamgeuza mama ubavu na kumbadilishia shuka, ninaanza Sala ya Bwana na kusinzia kabla sijafika "mapenzi yako yatimizwe". Siku nyingine siianzi kabisa kwa sababu ya hasira. Huo ukuaji wa kiroho hutokeaje, na mtu atautambuaje?

Jibu la kwanza

Pole sana kwa kuuguza. Wengi huishia kwenye mstari wa 4, ilhali wa 5 ndio unaobeba hoja yote: tumaini halitahayarishi kwa kuwa pendo la Mungu limemiminwa mioyoni mwetu na Roho Mtakatifu. Kwa hiyo Paulo hasemi kwamba dhiki ina nguvu yake yenyewe ya kumkuza mtu, na sote tunawajua watu ambao mateso yaliwaachia uchungu tu. Yakobo naye, akiisha kutaja majaribu na saburi, anamwelekeza papo hapo aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu, ambaye huwapa wote kwa ukarimu wala hakemei.

Jibu la pili

Kuhusu hasira, ningekushauri uipeleke kwa Mungu kama ilivyo. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, akamdai Mungu majibu kwa maneno ambayo leo yangemfanya aitwe pembeni na wazee wa kanisa. Hata hivyo, katika sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu, kwamba yeye na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Rafiki hao walifanya vyema zile siku saba walipoketi naye chini kimya, kabla hawajaanza kufafanua mateso ya mwenzao. (Natamani sana wanaokwenda kuwatazama wagonjwa waisome kwanza sura ya 2.) Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, bila neno la ushindi, lakini mwenye kuiomba bado anamwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu". Kuendelea kumwita hivyo wakati hakuna jibu ni imani, hata kama mwombaji mwenyewe haoni kwamba anakua.

Jibu la tatu

Nakubaliana na waliotangulia, ila nadhani uchovu wako umesahauliwa. Eliya alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, hakuhubiriwa kwanza: alilala, malaika akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, ndipo akapata nguvu za kufika Horebu, mlima wa Mungu, alikosikia sauti ya utulivu. Kwa hiyo usiuhesabu usingizi wako kuwa kurudi nyuma kiimani. Waombe washirika wenzako wakupokee zamu za usiku, maana agizo la kuchukuliana mizigo katika Wagalatia 6 linawahusu na wao. Na ukuaji, kwa kawaida, wengine huuona kabla ya mwenyewe: muulize mama yako, kama anaweza kusema, anavyouona mkono unaomgeuza.